Almasi za rangi: ipi ununue kwanza, ipi uiache dukani

Bei ya almasi ya rangi inafuata chanzo cha rangi yenyewe. Almasi ya kaboni tupu haina rangi. Ili jiwe liwe njano, buluu au waridi, lazima kitu kiliingia ndani yake, au kililipinda, au kililipiga kwa mionzi ardhini. Ukijua ni kipi, unajua pia hila gani ya kuitazamia. Orodha hii ni ya mnunuzi wa pete ya kuvaa, si ya mtu wa minada. Almasi ghafi ya mkononi haimo kabisa, hata muuzaji aape kwamba imetoka mgodi wa Mwadui juzi: Tanzania kuifanyia biashara bila leseni ni kosa.

Nafasi ya kwanza ni njano. Hapa kazi imefanywa na naitrojeni. Atomi moja kwa kila atomi 10,000 za kaboni inatosha kumeza mwanga wa buluu na kukuachia njano kali. Naitrojeni imejaa katika almasi kuliko uchafu mwingine wowote, ndiyo maana rangi hii ya asili inafikika. Vyeti vya GIA, maabara ya Marekani, huipanga kutoka hafifu hadi kali: Fancy Light, Fancy, Fancy Intense, Fancy Vivid, na bei hupanda mara kadhaa kutoka mwanzo hadi mwisho. Chukua Fancy au Fancy Intense yenye uzito wa karati 0.9. Ukikazana ifike karati 1 kamili unalipia namba tu. Tofauti ya upana haifiki nusu milimita. Mkato wa mraba hukoleza rangi, wa duara huipoza.

Watu wengi huumia kwenye kiti cha pete. Dhahabu ya njano chini ya jiwe huakisi rangi yake juu, na jiwe hafifu likaonekana limekolea. Omba ulione kabla halijapachikwa: liweke uso juu kwenye karatasi nyeupe, karibu na dirisha, mbali na taa za kabati. Likiwa na rangi pembeni na weupe katikati, ama bei ishuke ama uliache.

Ya pili ni kahawia, ile wauzaji wanayoiita shampeni au konyaki. Hakuna elementi ngeni hapa. Mkandamizo wa chini ya ardhi ulipinda safu za atomi. Ni nafuu, na kwenye dhahabu nyekundu inapendeza kuliko inavyosifiwa.

Ya tatu ni buluu ya maabara, yaani iliyotengenezwa na watu. Buluu ya asili hutokana na boroni, pungufu ya atomi moja kwa milioni, na baadhi ya mawe hayo yalizaliwa zaidi ya kilomita 600 chini. Almasi ya Hope, karati 45.52, iko jumba la makumbusho Washington. Mshahara haufiki huko. Maabara huongeza boroni ileile, na kinachotoka ni almasi kamili, ila usitarajie kuiuza tena kwa bei ya maana. Jihadhari na kalamu za kupimia. Kalamu ya joto hulia kwa almasi ya maabara sawasawa na ya asili. Ile ya umeme, inayonasa moisanaiti, jiwe linalofanana na almasi, inaweza kuikataa almasi halisi ya buluu kwa sababu boroni huifanya ipitishe umeme.

Ya nne ni waridi ya asili, ndugu wa kahawia kwa chanzo. Nyingi duniani zilitoka mgodi wa Argyle, Australia, uliofungwa 2020. Mwadui nao ulitoa moja ya karati 54.5 mwaka 1947; Williamson, mwenye mgodi, alimzawadia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza, na baada ya kukatwa ilibaki karati 23.6. Wewe tafuta vijiwe vya karati 0.05 hadi 0.10. Vitazame kwa lenzi ya mara 10. Rangi ya asili mara nyingi huonekana kama mistari myembamba iliyonyooka ndani ya jiwe. Iliyopakwa rangi juu huonyesha mikwaruzo myeupe kwenye kingo, pale utando ulipobanduka.

Nyeusi inunue kama pambo tu. Nyingi zimepikwa au kupigwa mionzi. Ukimulika tochi kali pembeni, iliyopigwa mionzi huonyesha kijani kizito. Zina nyufa nyingi, kwa hiyo kucha za pete zinazoshika jiwe zisikazwe kwa nguvu.

Ya mwisho ni kijani. Mionzi ya asili, kutoka madini yenye urani, mara nyingi huishia kwenye ngozi ya jiwe, unene wa sehemu ndogo mno ya milimita. Ndiyo maana mkataji huacha vipande vya ngozi hiyo kwenye kiuno, ukingo mpana wa jiwe; akiving'arisha vyote, rangi huondoka navyo. Mionzi ya mashine huleta kijani kilekile, na wakati mwingine huacha alama kama mwavuli kuzunguka ncha ya chini. Sonara akikupunguzia pete bila kutoa jiwe, moto wake unaweza kuligeuza kahawia. Hata maabara kubwa za vyeti wakati mwingine hushindwa kutenganisha rangi ya asili na ya kutengenezwa. Cheti kikisema Undetermined kwenye mstari wa asili ya rangi, usilipie bei ya asili.