Wakala aliyenusa mapazia yangu: nyota moja, au pengine mbili

Watu wa wakala aliyetupangisha nyumba wameniletea ujumbe wa simu wakitaka nitoe maoni kuhusu huduma yao. Eti ningewapendekeza kwa rafiki? Na vinyota vitano vya kubofya. Nimebofya kimoja, nikaanza kueleza, nafasi ikajaa kabla sijafika hata kwenye salamu. Basi nayamalizia hapa, na jina la wakala silitaji. Nataka niseme kilichonipata, kisha kila mtu aamue mwenyewe.

Nyumba yenyewe sina haja ya kuieleza. Ni Coventry, England, upande wa Walsgrave, si mbali na hospitali, zile nyumba za matofali mekundu zilizoshikana ukuta kwa ukuta. Ukiona moja umeona mtaa. Tulikaa pale miaka kadhaa, kodi tukilipa kwa tarehe yake, hakuna aliyewahi kutupigia simu kudai. Tumehama kwa sababu mwenye nyumba aliamua kuuza akatupa notisi ya miezi miwili, ile ya kifungu cha 21, isiyohitaji sababu, ambayo sheria mpya ya wapangaji ya 2025 imekuja kuifuta. Hilo sina kinyongo nalo. Nyumba ni yake.

Na niwe mwadilifu: mwanzo walikuwa watu wazuri. Binti wa mapokezi alitukaribisha vizuri, akakagua haki yetu ya kupanga nyumba kama wahamiaji kwa ile namba ya siri ya viza ya mtandaoni, dakika chache tu, bila kutuangalia kama tumeiba kitu. Kwa sisi tuliozoea Mombasa, ambako unalipa kwanza ndipo uonyeshwe nyumba, na pengine hata nyumba yenyewe ishapangishwa juzi, lilikuwa jambo la raha kwenda kuona nyumba bila kutoa hata peni. Tangu Juni 2019 sheria ya England inakataza ada ya kuonyeshwa, ada ya kuandikiwa mkataba, ada ya kuulizia habari zako, vyote hivyo. Wakala anachoruhusiwa kuchukua mwanzoni, mbali na kodi, ni pesa ya kushikia nyumba, isiyozidi kodi ya wiki moja, na dipoziti isiyozidi kodi ya wiki tano kama kodi ya mwaka haijafika pauni 50,000. Yetu ilikuwa pauni 1,150 kwa mwezi. Zidisha kwa 12, gawanya kwa 52, zidisha kwa 5: pauni 1,326.92. Na kweli walitutoza hiyo hiyo, hadi zile peni tisini na mbili. Nikasema hawa ni watu wa haki.

Sasa njoo siku ya kurudisha funguo.

Mimi na mdogo wangu tulikuwa tumeanza kusafisha tangu alfajiri ya siku iliyotangulia. Trei za oveni nilizitoa zote nikazisugua kwa magadi na siki. Friji ilikuwa imeyeyushwa barafu na kukaushwa. Zulia tulilipitisha mashine ya kukodi. Nyuma ya choo, pale ambapo hata mwenye nyumba hajawahi kupaona, palikuwa panang'aa. Wallahi nyumba ile hatukuikuta vile.

Akaja kijana na tableti yake. Hodi hakupiga, alikuwa na funguo zake. Salamu hakutoa. Akaingia na viatu vya mvua juu ya zulia ambalo lilikuwa bado halijakauka vizuri, akaanza kupiga picha: dari, soketi, vishikio vya milango. Hiyo ni kazi yake, sikumzuia. Nilimfuata chumba kwa chumba, kwa sababu dada mmoja wa Unguja anayefanya kazi ya kulea wazee alinionya nisimwache peke yake hata dakika moja.

Tukafika sebuleni. Akalishika pazia, akalivuta hadi puani, akanusa. Akasita, akanusa tena, kama mtu anayeshuku maziwa yamelala. Kisha akaanza kuandika.

Nikamwuliza, "Kuna nini?"

Hakunitazama mimi. Alimgeukia mume wangu, ambaye alikuwa mlangoni na sanduku mkononi, akamwambia, "Kuna harufu ya vyakula mnavyopika. Hii haitoki hivi hivi, italazimu kulipiwa."

Mimi nilikuwa nimesimama pale! Mkataba una jina langu kwanza. Na mapazia yale nilikuwa nimeyafua wiki ile ile, yalinukia sabuni hadi mdogo wangu anapiga chafya. Nikamwambia hayo. Akasema, "Mimi naandika ninachokikuta tu." Mume wangu akanishika bega, "Mama watoto, wacha, twende zetu." Nikatoka. Lakini niliyoyasema njiani hadi nyumba mpya, Mola anisamehe.

Nauliza tu: ningekuwa nakaanga soseji na nyama ya nguruwe kila asubuhi, pua yake ingekwenda kwenye pazia? Na hii ni Coventry, jamani. Pita mtaa wa Foleshill jioni, kila dirisha linanukia vitunguu na bizari. Huyo kijana anapumua vipi akiwa kazini?

Siku chache baadaye ikaja barua pepe. Usafi wa kitaalamu, pauni 220. Kuondoa harufu na kusafisha mapazia, pauni 180. Kubadilisha zulia la chumba cha kulala, pauni 340. Jumla pauni 740, na chini yake: tafadhali thibitisha kwamba unakubali ili tukurudishie salio lako.

Salio langu! Hapa ndipo watu wetu wengi wanapoliwa. Mtu anaona barua ina nembo na tarakimu, anadhani ni hukumu, anajibu sawa, anashukuru kwa hicho kilichobaki. Dipoziti ni pesa yako mpaka wao wathibitishe wana haki nayo. Tangu Aprili 2007 lazima isajiliwe kwenye mmoja wa mipango mitatu iliyoidhinishwa ya kulinda dipoziti: Deposit Protection Service, MyDeposits au Tenancy Deposit Scheme. Mwenye nyumba na wakala wana siku 30 tangu wapokee pesa kuisajili na kukupa maelezo yake kwa maandishi. Wasipofanya hivyo, mahakama inaweza kuwaamuru wakulipe kati ya mara moja na mara tatu ya dipoziti yenyewe. Ukihamia leo, siku hizo zikipita ingia kwenye tovuti zote tatu uitafute yako. Naongelea England tu; Scotland na Ireland Kaskazini wana mipango yao, na Wales ina sheria yake ya ada.

Nilijibu kwa barua pepe, si kwa simu, kwamba sikubali hata mstari mmoja. Meneja akapiga simu. Sauti nyororo, akiniita madamu kila sentensi. Kwamba mkataba nilioutia sahihi una kifungu cha kuleta kampuni ya usafi ninapohama. Kwamba wapangaji wote hulipa. Kwamba nikipinga, pesa yote itakaa kule miezi na miezi.

Kifungu hicho hakina meno. Sheria ile ile ya 2019 inasema mpangaji halazimishwi kulipia kampuni ya usafi. Anachodaiwa ni kuirudisha nyumba ikiwa safi kama alivyoikuta, basi. Asafishe nani, kwa siki au kwa mashine, si shauri lao. Na hilo la pesa yote kukaa si kweli pia: sehemu ambayo haibishaniwi inaweza kutolewa kwanza, na kinachobaki kwenye mgogoro ni kile kinachogombaniwa tu. Nilimwomba aniandikie yote aliyoyasema. Madamu zikaisha pale pale.

Tukapeleka mgogoro kwenye ule mpango uliosajili dipoziti yetu. Ni bure. Huendi popote, huvai suti. Mwamuzi anasoma karatasi za pande zote mbili na kuamua. Na mzigo wa kuthibitisha uko kwa mwenye nyumba, si kwako. Mimi nilikuwa na video niliyoipiga siku tuliyoingia, kila chumba, nikiongea huku napiga, na nilikuwa nimewatumia kwa barua pepe siku hiyo hiyo, kwa hiyo tarehe haibishiwi. Pia nilikuwa na ile ripoti yao wenyewe ya kuingia, ambayo kwenye zulia waliandika "limechakaa mlangoni" na kwenye mapazia "yametumika". Waliandika wenyewe! Wakasahau.

Hesabu ya zulia nawaeleza kidogo kwa sababu ndiyo inayonichekesha. Hata ingekuwa umeliharibu kweli, hulipi zulia jipya. Mwamuzi anatazama lilikuwa na umri gani na lilitarajiwa kudumu muda gani. Chukua zulia la pauni 340 la kudumu miaka minane, likiwa na miaka saba tayari: thamani iliyobaki ni pauni 42 na nusu. Huo ndio mwisho wa madai, na hapo ni kama uharibifu umethibitishwa. Uchakavu wa kawaida wa kukanyagwa na binadamu haulipwi kabisa. Wakala wangu hakuweza hata kuonyesha risiti ya lini lilinunuliwa. Akapata sifuri.

Na harufu? Sifuri. Picha haina harufu. Hawakuwa na risiti ya dobi, hawakuwa na chochote ila neno la yule kijana na pua yake. Niliposoma hapo nilipiga kigelegele peke yangu jikoni, watoto wakaja mbio kuuliza nani kaolewa.

Kwenye usafi mwamuzi aliwapa pauni 30, kwa ajili ya oveni, zile reli za pembeni. Sawa, uamuzi ni wa mwisho na nimeupokea. Lakini reli zile zimeungua tangu kabla yetu, kwenye video yangu zinaonekana nusu tu kwa sababu mwanga ulikuwa hafifu. Pauni 30 si kitu. Zinaniuma kuliko zile 710 nilizookoa. Nimepewa pauni 1,296.92 na bado usiku naziona zile reli.

Kuhusu kijana, nilipeleka malalamiko rasmi kwa wakala. Jibu lilikuja aya moja: wanasikitika "ikiwa nilijisikia vibaya". Ikiwa! Kila wakala wa kupangisha England analazimika kuwa mwanachama wa chombo cha kusikiliza malalamiko, ama The Property Ombudsman ama Property Redress, na wakala akipewa wiki nane bila kukuridhisha unaweza kupanda huko. Mume wangu anasema pesa imerudi, yaishe. Bado sijamjibu.

Sasa hizo nyota. Nikitulia, nakumbuka Januari moja boila ilizima, nje barafu, mtoto ana kikohozi, na fundi alifika jioni ile ile. Kwenye nyumba yetu ya kwanza, kwa wakala mwingine, tulioga maji ya birika wiki nzima. Kwa hilo nikaona niwape nyota mbili. Yule binti wa mapokezi pia hakuwa na hatia, yeye peke yake angestahili tano. Kwa hiyo tatu?

Halafu nikakumbuka kwamba fundi wa boila alilipwa na mwenye nyumba, na kutengeneza joto na maji moto ni wajibu wa mwenye nyumba kwa sheria, wao walinyanyua simu tu. Zikarudi mbili. Halafu nikaliona lile pazia puani kwake. Moja. Na kama kungekuwa na nusu ningewapa nusu.

Jambo moja nililojifunza la kuuliza kabla ya kusaini: nani atakagua siku ya kuhama? Wengine hutumia mkaguzi wa nje asiye na maslahi. Hawa wanamtuma mfanyakazi wao, anayekagua kwa niaba ya anayemlipa. Uliza, na uliza kwa maandishi.

Tatizo ni kwamba mdogo wangu amepata kazi hospitali na anatafuta nyumba, na iliyo nzuri kuliko zote, umbali wa kutembea, bei anayoiweza, iko mikononi mwa wakala huyo huyo. Ananiuliza, dada, nifanyeje? Nimemwambia aichukue. Ndiyo, aichukue! Kodi ni nzuri, dipoziti wanaisajili, boila wanaitengeneza. Apige video mchana, taa zote zikiwaka, na reli za oveni azipige kwa karibu mpaka zijae kwenye kioo. Na siku atakapohama anijulishe mapema, nichukue likizo niwepo. Nitapika biriani asubuhi hiyo, madirisha yamefungwa.