Leza ya makovu ya chunusi kwa ngozi nyeusi: uzoefu wangu

Mashimo ya chunusi ninayo mashavuni tangu kidato cha tatu. Kivulini hayaonekani sana, ila jua la saa kumi na moja jioni likinipiga kwa ubavu, kila shimo linajianika. Mwaka jana zamu yangu ya mchezo ilipofika nikasema basi, hela hii inakwenda usoni.

Kliniki ya kwanza, hapa hapa Dar, sikumaliza hata dakika kumi. Dada wa mapokezi ndiye aliyenichagulia tiba, huku akinionyesha picha za Wazungu kabla na baada. "Hii leza ya kaboni dayoksaidi ndiyo kiboko dada yangu, mara moja tu umemaliza." Hakuna aliyeniuliza natumia dawa gani. Nikamwambia naenda kutoa hela kwa wakala, na hadi leo sijarudi.

Wa pili alikuwa daktari wa ngozi hasa, na huyo alinihoji kama yuko mahakamani. Vidonda vyangu vikipona huwa vinaota keloidi, yale makovu yanayovimba? Nimemeza isotretinoini, ile dawa ya chunusi, miezi ya karibuni? Huwa natokwa na malengelenge mdomoni? (Kumbe leza inaweza kuyaamsha.) Napaka mkorogo? Hapo nikaangalia chini. Akaniambia niache, ngozi itulie kwanza, kisha ndiyo tuongee. Nililipia ushauri nikarudi nyumbani sijaguswa, na nilichukia kweli.

Niliporudi alinieleza vizuri. Leza ya kaboni dayoksaidi, ile ya wimbi la mwanga la nanomita 10,600, inakausha maji ya ngozi na kuunguza tabaka la juu. Ina nguvu, lakini kwa ngozi yenye melanini (rangi ya ngozi) nyingi joto lake huacha mabaka meusi kwa urahisi, na mabaka hayo hukaa miezi. Yeye alipendekeza leza ya erbiamu ya glasi, nanomita 1,550. Hii haichubui juu. Inapitisha joto kwa vitundu vidogo vidogo, na ngozi isiyoguswa iliyobaki katikati ndiyo inayosaidia kuponya. Kwa rangi yangu angeweka vitundu mbali mbali na kurudia mara nyingi. Na akasema wazi kwamba mashimo membamba yenye kina, yale kama umechomwa sindano, leza hii haitayaweza. Hayo hudondoshewa tindikali, shimo moja moja. Kwanza akajaribu sehemu ndogo chini ya taya, tukasubiri wiki nne.

Siku yenyewe unapakwa dawa ya ganzi, unakaa nayo karibu saa nzima. Maumivu? Umewahi kukaanga maandazi mafuta yakakurukia? Ndivyo, ila yanakuruka usoni dakika ishirini, huku unapulizwa hewa ya baridi. Kesho yake macho yamevimba, bodaboda akaniuliza kama nimegombana na mtu. Siku ya tatu uso unakuwa msasa, umejaa vidoti vya kahawia, na kishawishi cha kuvikwangua ni kikubwa. Usikwangue. Mimi nilipaka mafuta ya mgando tu, na siku ya sita vikaanza kudondoka vyenyewe nikinawa.

Kosa nililifanya baada ya mara ya pili. Harusi ya binamu yangu Tanga, turubai halikututosha, nikakaa juani mchana kutwa bila kofia. Nikarudi na mabaka mashavuni, yalichukua miezi mitatu kufifia, na ratiba yote ikasogea. Daktari alinibadilishia sanskrini (krimu ya kukinga jua), akanipa ya rangi yenye oksidi ya chuma, kwa sababu ile nyeupe ya kawaida haizuii vizuri mwanga unaoonekana kwa macho, na ngozi yetu huo nao huiletea mabaka.

Nimefanya mara nne, na kila mara bei yake ilizidi nusu ya mshahara wangu, kwa hiyo hesabu kabla hujaanza. Matokeo nayo hayaji siku ile. Kolajeni, ile protini inayoshikilia ngozi, hujengeka polepole, kwangu nafuu ilionekana mwezi wa tatu baada ya ile ya mwisho. Mashimo mapana yamejaa, kwa macho yangu zaidi ya nusu. Mama, ambaye sikumwambia kitu, aliniuliza natumia sabuni gani siku hizi. Yale ya sindano bado yapo matano shavu la kushoto, vile vile kama alivyosema daktari. Ya tindikali nitaanza zamu yangu ya mchezo ikifika tena.