Bidhaa za usafi zisizodhuru mazingira: zipi ununue kwanza, zipi uziache dukani

Fungua kabati lililo chini ya sinki utoe kila kilichomo. Mimi nilipofanya hivyo nilihesabu chupa 14: ya vioo, ya vigae, ya jiko, ya sakafu, mbili za choo, na nyingine ambazo nilishasahau nilizinunulia nini. Tano kati yake zilichorwa jani la kijani ubavuni. Nilipozigeuza moja moja na kusoma maandishi madogo ya nyuma, nilikuta nyingi zina mambo yaleyale: maji mengi, sabuni kidogo, rangi na manukato. Kwa miaka nilikuwa nikinunua maji ya rangi tofauti, na kila mara nikilipia na plastiki iliyoyabeba.

Tangu hapo nimepunguza hadi vitu sita, na nyumba ni safi kuliko ilivyokuwa. Nimevipanga hapa kwa daraja, kuanzia kile ambacho ningekinunua kwanza kama ningehamia kwenye nyumba tupu leo. Nimepima mambo matatu. Je, kinatoa uchafu kweli? Kikishamwagwa, kinaoza upesi bila kudhuru viumbe wa majini? Na kinaniachia takataka kiasi gani? Swali la kwanza nimelitanguliza kwa makusudi. Sabuni ya kijani isiyotoa mafuta itakufanya uimwage mara mbili, usuuze mara mbili, na mwishowe urudie ile kali uliyoikimbia.

Kwanza ujue uchafu wenyewe

Watu wengi hukata tamaa na bidhaa hizi kwa sababu wameitumia iliyo sahihi kwenye uchafu usio wake. Mafuta na masizi hutolewa na sabuni au kitu chenye alkali. Ule ukoko mweupe unaoshika kwenye bomba na ndani ya birika ni chokaa iliyoachwa na maji magumu, yaani yenye madini mengi, na chokaa huyeyushwa na asidi tu. Sabuni hata iwe ya bei gani utasugua nayo mpaka mkono uume. Madoa ya damu, jasho na majani yanahitaji vimeng'enya (enzaimu) au oksijeni. Vumbi halihitaji chochote zaidi ya kitambaa chenye unyevu.

Halafu kuna muda. Mwaka 1959 mkemia Mjerumani Herbert Sinner alieleza kwamba usafi hutokana na mambo manne: kemikali, nguvu ya kusugua, joto na muda. Ukipunguza moja, lazima uongeze jingine. Ndiyo maana bidhaa isiyo kali huonekana dhaifu mikononi mwa mtu mwenye haraka. Ipake, nenda ukafanye shughuli nyingine kwa dakika 10, kisha urudi ufute. Mara nyingi hilo peke yake ndilo lililokuwa limekosekana.

Namba 1: Sabuni ya maji iliyokolezwa, isiyo na manukato

Hii ndiyo nguzo ya kabati zima. Tafuta sabuni ya maji ya matumizi yote inayouzwa ikiwa nzito, ya kuzimuliwa na maji nyumbani. Kijiko kimoja cha chai katika nusu lita ya maji hunitosha kufuta meza, milango, makabati na hata friji. Kwenye mafuta yaliyogandia jikoni naongeza kipimo mara tatu na kuiacha ikae. Chupa moja ndogo inachukua nafasi ya chupa nyingi za kupuliza, na hakuna lori lililochoma mafuta kukuletea maji ambayo tayari unayo bombani.

Kwenye orodha ya viambato, majina ninayofurahi kuyaona ni "decyl glucoside," "coco glucoside" na wenzao wanaoishia na "glucoside." Hutengenezwa kwa sukari ya mimea na mafuta ya mimea, huoza upesi na ni wapole kwa ngozi. Lakini usidanganyike na maneno "imetokana na nazi." Hata sodium lauryl sulfate, ambayo wengi huikimbia kwa kuwasha ngozi, mara nyingi hutengenezwa kwa mafuta ya nazi au mawese. Asili ya kitu haikwambii kitafanya nini kwenye mkono wako wala kwenye mto.

Kuhusu manukato nina msimamo mkali. Harufu haisafishi. Neno "parfum" au "fragrance" linaweza kuficha makumi ya kemikali chini ya jina moja, na hata harufu za asili zina mambo yake: limonini, ile inayotoa harufu ya machungwa, ikikutana na ozoni hewani ndani ya nyumba hutengeneza formaldehaidi. Kama kuna mwenye pumu au mtoto mchanga nyumbani, isiyo na harufu ndiyo chaguo la kwanza.

Na sabuni ya mche ya kawaida, ile ya mafuta na kostiki soda? Ni nzuri sana, huoza vizuri na huja kwenye karatasi. Ila kwenye maji magumu hugeuka utando wa kijivu unaong'ang'ania beseni na kufubaza nguo. Kama maji yako ni laini, iweke hapa juu bila wasiwasi. Usiitie siki tu, kwa sababu asidi huivunja ikagandana kama maziwa yaliyoharibika.

Namba 2: Asidi ya sitriki ya unga

Kama kuna bidhaa moja ambayo ningependa kila nyumba iijue, ni hii. Ni unga mweupe kama sukari, hauna harufu, huuzwa ndani ya mfuko, hukaa muda mrefu bila kuharibika, na hufanya kazi za siki kwa nguvu zaidi.

Jaribu kwenye birika la umeme lenye ukoko. Tia lita moja ya maji ya uvuguvugu na vijiko viwili vya mezani vya unga. Sikiliza: utasikia kama mchemko mdogo, na mapovu membamba yataanza kupanda kutoka kwenye kuta. Hiyo ni asidi ikila chokaa na kutoa gesi. Baada ya nusu saa maji yana vipande vyeupe vinavyoelea, na chuma kilichokuwa kimefichwa kinang'aa chini yake. Mwaga, suuza mara mbili. Usiyachemshe maji yenyewe, kwani joto likizidi asidi na chokaa huungana kuwa chumvi nyingine isiyoyeyuka kwa urahisi. Njia hiyohiyo inafaa kwenye kichwa cha bafu, bomba, na ule mstari wa kahawia ndani ya choo, ambako niliiacha usiku kucha.

Lakini asidi yoyote, iwe sitriki au siki, isiguse marumaru, mawe ya chokaa wala sakafu ya tarazo. Nililijua hili kwa hasara. Niliacha kitambaa chenye siki juu ya meza ya marumaru kwa dakika chache tu, na nilipokiinua pakabaki baka lisilong'aa lenye umbo la kitambaa kilekile. Halijatoka mpaka leo, kwa sababu si doa: ni jiwe lenyewe limelika.

Namba 3: Blichi ya oksijeni

Kwenye lebo utaiona kama "sodium percarbonate." Ni unga ambao ukiingia majini huachia hidrojeni peroksaidi na magadi. Peroksaidi ikimaliza kazi hubaki maji na oksijeni. Hakuna klorini popote.

Hung'arisha nguo nyeupe, hutoa madoa ya kahawa ndani ya vikombe na weusi wa ukungu kati ya vigae. Sharti lake ni joto. Kwenye maji baridi hulala. Kwenye maji ya nyuzi 40 hadi 60 huamka. Shati lenye kola iliyogeuka manjano liloweke usiku mmoja, asubuhi ulifue kama kawaida. Sufu na hariri usizitie humo. Na mchanganyiko uliobaki usiuhifadhi kwenye chupa iliyofungwa, kwa kuwa gesi huendelea kutoka na chupa inaweza kupasuka.

Namba 4: Sabuni ya unga yenye vimeng'enya

Kwa ufuaji wa kila siku, tazama kama kuna "protease," "amylase" au "lipase." Cha kwanza hukata protini kama damu na jasho, cha pili wanga, cha tatu mafuta. Uzuri wake ni kwamba hufanya kazi kwenye maji baridi au vuguvugu, na kwa wanaotumia mashine, sehemu kubwa ya umeme wa kufulia huishia kwenye kupasha maji. Naupenda unga kuliko maji kwa sababu huja kwenye boksi la karatasi na hauhitaji vihifadhi. Tumia kipimo kilichoandikwa, usizidishe. Povu jingi ni maji mengi ya kusuuzia.

Vile vidonge vinavyoyeyuka na ganda lake sivipendi sana. Ganda ni polivinaili alkoholi, plastiki inayoyeyuka majini. Kuyeyuka majini si sawa na kuoza, maana linahitaji vijidudu maalumu ili limeng'enywe kabisa. Tena kipimo kimeshapangwa, huwezi kukipunguza ukiwa na nguo chache.

Namba 5 na 6: Kitambaa, na magadi

Kitambaa kizuri cha maikrofaiba hufuta kioo kwa maji matupu. Ila ni plastiki na humwaga nyuzi kila kinapofuliwa, kwa hiyo viwili au vitatu vinatosha, na kazi nyingine ziachie fulana kuukuu na brashi ya mti.

Magadi ya kufulia ("sodium carbonate" kwenye lebo) yana alkali kali, pH (kipimo cha asidi na alkali) karibu 11, na huyeyusha mafuta ya kwenye oveni kama mchezo. Vaa glavu, na usiyatumie kwenye alumini. Soda ya kuokea ni mdogo wake, pH kama 8, inafaa kusugulia sinki bila kuikwaruza.

Hapa niseme wazi jambo linalosambazwa kila mahali: siki na soda ya kuokea vikichanganywa huchemka kwa kishindo, lakini alkali na asidi huwa zinauana. Kinachobaki ni maji yenye chumvi kidogo. Tumia kimoja, suuza, kisha kingine kama bado unakihitaji.

Vya kuacha dukani

Vitambaa vya kufutia vya kutupa, hata vikiandikwa kuwa vinaoza. Vilainishi vya nguo vyenye harufu kali. Boraksi pia niliiacha, ingawa mapishi mengi ya sabuni za nyumbani huitaja, kwa kuwa Umoja wa Ulaya umeiweka kwenye kundi la vitu vinavyoweza kudhuru uzazi. Na chochote kinachojisifu kwa neno "asilia" peke yake. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza: bidhaa yenye jambo la kueleza huorodhesha viambato vyake vyote na kuonyesha nani aliikagua.

Nembo zenye uzito zipo. Blauer Engel ya Ujerumani ilianza mwaka 1978, Svanen ya nchi za Nordiki mwaka 1989, na Ecolabel ya Umoja wa Ulaya mwaka 1992. Marekani wana Safer Choice chini ya shirika lao la mazingira, EPA. Kinachonifanya niziamini Ecolabel na Safer Choice ni kwamba haziangalii sumu peke yake: bidhaa lazima pia ithibitishe kuwa inasafisha. Ukikuta maandishi "readily biodegradable," maana yake yapo na yanapimika: katika vipimo vya OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi zilizoendelea, angalau asilimia 60 ya kitu husika iwe imeoza ndani ya siku 28. Neno "biodegradable" likiwa peke yake halina ahadi ya muda.

Epuka fosfeti, ambazo hurutubisha mwani mpaka ziwa linakosa oksijeni. Ulaya ilizibana kwenye sabuni za kufulia mwaka 2013 na za mashine za vyombo mwaka 2017. Kama ngozi yako ni nyepesi kuwasha, tafuta pia "methylisothiazolinone" na uikwepe. Ni kihifadhi ambacho American Contact Dermatitis Society, chama cha Marekani cha wataalamu wa mzio wa ngozi, kilikitangaza kuwa kizio (kitu kinacholeta mzio) cha mwaka 2013, na kimo hata kwenye chupa zenye majani ya kijani.

Je, vijidudu?

Siku nyingi sabuni, maji na kusugua vinatosha, kwa sababu vijidudu huondoka pamoja na uchafu. Mtu akiwa anatapika au anaharisha, hapo nenda kwenye dawa halisi ya kuua vijidudu, na usiibadilishe kwa siki. Sehemu isafishwe kwanza, kisha dawa ibaki mbichi kwa dakika zilizoandikwa kwenye lebo. Ukitumia blichi ya klorini, isikutane kamwe na siki, asidi ya sitriki wala amonia. Gesi inayotoka huchoma mapafu, na bafu dogo lisilo na dirisha ndipo mahali pabaya kuliko pote pa kulijua hilo.

Ukishazimua sabuni yako, andika kwenye chupa ya kupuliza kilichomo na tarehe. Kihifadhi nacho kimezimuliwa, kwa hiyo tengeneza ya wiki mbili tu, na chupa za vinywaji usizitumie kabisa, hata kwa siku moja.