Tairi za SUV kwa Dar: soma ubavuni kabla hujatoa hela

Mwezi wa pili nilinunua tairi nne za mtumba za RAV4 yangu, saizi 225/65R17, laki moja na thelathini kila moja. Kashata (vile vitalu vya mpira vinavyokanyaga barabara) nene, mpira unang'aa kama umepakwa mafuta (ulikuwa umepakwa kweli), na muuzaji anaapa: "Mali ya Japani hii, dada, utaisahau."

Mwezi wa nne, mvua ya masika, nateremka Goba. Bajaji mbele yangu ikasimama ghafla. Nikakanyaga breki, gari likaendelea na safari yake. Liliposimama nilikuwa naweza kusoma namba ya simu iliyoandikwa nyuma ya ile bajaji.

Fundi tairi wa mtaani kwetu ndiye aliyenifumbua macho. Alibonyeza kashata kwa ukucha wa dole gumba, alama ikabaki kama kwenye embe bivu. Akaipinda kidogo, nikaona michirizi myembamba ya zigizaga imejaa, kama imechanjwa kwa wembe. Akapangusa matope ubavuni, tukasoma wote wawili: STUDLESS.

"Hizi za barafu, dada."

Mpira wa tairi za barafu hutengenezwa ubaki laini hata joto likishuka chini ya nyuzi 7. Dar hatufiki huko hata usiku wa Julai. Kwenye lami yetu ya saa nane mchana mpira huo unalegea mno, kashata zinayumba, zinalika upesi, na barabara ikilowa breki inachelewa kushika. Wajapani huzifunga wakati wa theluji na kuzivua ikiisha. Nyingine hutufikia zikiwa bado kwenye magari tunayoagiza, kwa hiyo kama gari lako limetoka bandarini juzi, chukua tochi ya simu ukaangalie sasa hivi. Ukikuta Blizzak ya Bridgestone, iceGUARD ya Yokohama au Winter Maxx ya Dunlop, hizo ni tairi nzuri sana. Kwa watu wa Sapporo.

Usichanganye, lakini. M+S (matope na theluji) peke yake haina shida, na ile alama ya mlima wa vilele vitatu wenye chembe ya theluji ndani utaikuta pia kwenye baadhi ya tairi za A/T (za lami na barabara za vumbi) ambazo ni za mwaka mzima. Neno la kukimbia ni STUDLESS.

Sasa nilichonunua baadaye, na ambacho ningekununulia wewe.

Namba moja ni Yokohama, na sijifichi, naipendelea. Kama unaishi Madale, Kigamboni ndani au popote ambapo lami inaishia dukani kwa Mangi, chukua Geolandar A/T G015. Ndizo nilizofunga. Zinapita kwenye tope la kwetu bila kuteleza ovyo, na kwenye lami hazingurumi kama nilivyohofia. Kama gari lako ni la ofisini na nyumbani, lami tupu, Geolandar H/T (za lami) G056 inakutosha.

Namba mbili, Bridgestone Dueler, A/T au H/T kwa hesabu hiyohiyo. Ubavu mgumu, mashimo haziyaogopi, ila mgongo wako utajua.

Namba tatu, Dunlop Grandtrek. Sina ugomvi nazo.

Za Kichina mpya, Linglong na Triangle: kuliko mtumba, bora hizo. Basi. M/T (za matope) zile za kashata kama matofali waachie watu wa porini.

Tarehe ya kutengenezwa mnaijua: tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni, 3523 ni wiki ya 35 ya mwaka 2023. Ajabu ni kwamba muuzaji akiona unainama kuisoma, anaanza kukuita "mama" badala ya "dada", na bei inapanda. Duka moja waliniambia tairi ya mwaka 2018 ni "mpya, haijawahi kutembea". Na hii hadithi ya dola! Dola ikipanda, tairi inapanda jioni hiyohiyo. Shilingi ilipopata nguvu mwishoni mwa 2024 niliuliza bei pale pale, nikaambiwa huo ni mzigo wa zamani. Mbona dola inapopanda hakuna mzigo wa zamani?

Zile nne za barafu, fundi alitaka kunipa elfu ishirini kila moja. Nikamuuliza atazipeleka wapi.

"Dada, kashata si bado zipo? Kesho tu napata mteja."

Nilimwomba kisu, nikasimama pale mpaka zote nne zikatobolewa ubavuni. Alinuna, na kazi ya kutoboa akanitoza.