Mkuki Mmoja Kati ya Silaha Mia Tatu: Uzoefu Wangu na Elden Ring

Babu yangu wa Ahero alikuwa na mkuki nyuma ya mlango wa nyumba yake. Siku aliyonikabidhi niushike nilikuwa darasa la tano, na kilichonishangaza ni uzito: wote ulikuwa mbele, kwenye chuma. Nikiushika katikati unainamia chini kama unataka kuchimba udongo. Akaniambia nisogeze mkono mbele kidogo. Ukatulia kiganjani, lakini hapo hapo nikaona sehemu kubwa ya urefu wake imebaki nyuma yangu, haina kazi. Mkuki ule ulinipa kitu na kuninyang'anya kingine kwa wakati mmoja.

Hicho ndicho ninachokitafuta katika gemu za mazimwi na wachawi, na kwa miaka mingi sikukipata vizuri. Nilizianzia Kondele, mtaa wa Kisumu, kwenye chumba cha gemu tulikokuwa tukilipia kwa saa. Skyrim ilikuwa imetoka Novemba 2011 na ilipotufikia tuligombea zamu. Niliipenda na bado naipenda. Unafua jambia lako mwenyewe kwa mche mmoja wa chuma na ukanda mmoja wa ngozi, kisha unalinoa kwenye jiwe la kusaga. Ila tafuta mkuki wa kushika mkononi na kudunga: haupo. Kuna panga, mashoka, marungu, majambia, nyundo za vita na pinde. Kilichoniuma zaidi ni kujua kwamba Morrowind ya 2002, gemu ya ukoo huo huo, ilikuwa na mkuki kama ujuzi unaojitegemea. Uliondolewa katika Oblivion ya 2006 na haukurudi. Tena ndani ya Skyrim tofauti kati ya upanga, shoka na rungu la mkono mmoja iko zaidi kwenye kasi na uzito wa pigo. Unavizungusha vyote karibu kwa namna moja.

Elden Ring, gemu ya Kijapani ya aina hiyo hiyo, ilitoka Februari 25, 2022. Mimi niliipata baadaye, kwenye PlayStation 4, tayari nimehamia chumba changu Nyalenda. Unapoanza unachagua mhusika, na kila mmoja ana silaha zake: Samurai ana upanga wa Kijapani na upinde, Vagabond ana upanga na shoka la mpini mrefu, Wretch ana rungu tu na mwili mtupu. Nilimchukua Prophet, mtu wa maombi, kwa sababu moja: anaanza na mkuki mfupi na ngao.

Sasa niseme kuhusu huo mkuki. Unainua ngao kwa kitufe cha L1, huiachi, halafu unabonyeza kile cha R1 na mkuki unatoka kudunga huku ngao bado iko juu. Upanga wa kawaida hauwezi hilo. Ukitaka kukata lazima ufungue kifua. Mara ya kwanza nilipoona hivyo nilikuwa kwenye pango jembamba, askari ananijia mbele, anapiga ngao, anarudi nyuma kuvuta nguvu, nami nikamchoma kabla hajainua mkono. Nilisimamisha gemu akilini (kwenyewe haisimami, hata ukifungua menyu wanakuua) nikamkumbuka babu. Halafu uwanjani, mbwa wawili wakanizunguka ubavuni, na mkuki ule ule ukawa fimbo ya kuchoma hewa. Unaenda mstari mmoja tu. Aliyetengeneza silaha hii alijua inafaa wapi na haifai wapi, akaniacha nijifunze kwa ngozi yangu.

Jambo lililonishika kabisa lilitokea kwenye machimbo ya Limgrave, eneo unaloanzia gemu. Wachimba madini wa mle wana miili migumu kama jiwe. Nilidunga, nikadunga tena, uhai wao unapungua tone kwa tone. Mtu yeyote aliyekulia Kano, uwanda ulio karibu na Kisumu, anajua hadithi ya Luanda Magere, shujaa wa Wajaluo ambaye mwili wake ulikuwa jiwe na mikuki ya maadui haikumwingia, mpaka siri ikatoka kwamba ukitaka kumuua uchome kivuli chake. Kivuli cha mchimba madini nilijaribu kukidunga, nakiri, na hakikusaidia. Kilichosaidia ni rungu. Gemu hii inatofautisha pigo la kuponda, la kukata na la kuchoma, na adui wa jiwe anaogopa kupondwa. Nilipobadilisha tu, wakaanza kuanguka. Baadaye nikakutana na watu wa kioo wanaoitwa Crystalian, nikajua mapema cha kushika. Huo ndio wingi wa silaha wenye maana kwangu: hadithi niliyosimuliwa utotoni na sheria ya gemu ya Kijapani vimekutana kwenye rungu moja.

Uzito nao umefikiriwa. Ukibeba chini ya asilimia 30 ya uwezo wako unajiviringisha mwepesi kukwepa pigo, ukivuka 70 unaanguka kama gunia la mpunga. Kwa hiyo yule anayetaka upanga mkubwa kuliko mwili wake anaulipia kwenye nguo na ngao. Na ukiishika silaha kwa mikono miwili, nguvu zako zinahesabiwa mara moja na nusu.

Silaha zenyewe zinazidi 300, na hapa ndipo nina lalamiko langu kubwa. Ili silaha iwe kali inabidi mhunzi aiongeze kwa mawe maalumu, ngazi hadi ngazi, hadi 25 kwa zile za kawaida na 10 kwa zile za pekee. Mawe ni machache mwanzoni. Matokeo yake unaokota shoka zuri, unalitazama, unasoma historia yake, halafu unalirudisha mfukoni kwa sababu mkuki wako uko ngazi ya 8 na hilo liko sifuri. Nimebeba makumi ya silaha ambazo hazijawahi kuonja adui. Ukitengeneza silaha mia tatu, mpe mchezaji njia rahisi ya kuzijaribu. Ningependa sana mhunzi wa mle akubali kuhamisha makali kutoka chuma kimoja hadi kingine, kama mafundi wetu wa jua kali wanavyochukua springi ya lori kuukuu wakaigeuza panga. Chuma hakipotei, kinabadilishwa umbo.

Upande wa stima niseme kwa kifupi, kwa wenzangu wanaoishi na giza la ghafla: gemu inajihifadhi yenyewe kila mara. Umeme umenikatikia katikati ya vita zaidi ya mara moja na sikupoteza zaidi ya dakika chache.

Anayependa silaha chache zilizopangwa kwa ukali atafurahia zaidi The Witcher 3 ya 2015, yenye panga mbili mgongoni, la chuma kwa binadamu na la fedha kwa mazimwi. Ni uamuzi safi, na nauheshimu. Mimi lakini ni mtu wa mkuki.

Kifurushi cha nyongeza, Shadow of the Erdtree cha Juni 2024, kimeongeza aina 8 mpya za silaha, na kati yake iko ngao yenyewe ya kudungia. Hiyo naitamani kuliko zote. Lakini huwezi kuingia huko kabla hujawashinda Radahn na Mohg, maadui wakubwa wawili wa gemu. Radahn nimemmaliza. Mohg amenirudisha mara kumi na tisa, na yeye anapigana kwa mkuki wenye meno matatu. Ukimshinda unaweza kuuchukua. Jumamosi, stima ikiwepo, narudi kwake.