Wiki ya yoga na ukimya Jambiani: nilicholipia na nilichokipata

Nianze na pesa, maana ndilo swali nililoulizwa na kila mtu ofisini. Wiki nzima ya yoga na kutafakari Jambiani, kusini mashariki mwa Unguja, chumba changu peke yangu, milo mitatu na madarasa asubuhi na jioni, ilinitoka milioni mbili na laki kadhaa. Bei iliyo kwenye tovuti ya kituo chenyewe imeandikwa kwa dola na inakaribia mara mbili ya hiyo. Nilipouliza kama wana bei ya mkazi, yaani ya sisi tunaoishi nchini, walijibu mara moja kwamba wanayo, ila hawaitangazi. Kwa hiyo ukitaka kwenda, uliza kabla hujatuma hata senti. Nauli ya boti kutoka Dar na gari la kutoka Mjini Unguja hadi Jambiani ni juu yako.

Kilichonipeleka ni mgongo na usingizi. Mimi ni mhasibu, nakaa kwenye kiti kuanzia asubuhi, kisha nakaa tena kwenye foleni ya Mbagala. Mtaalamu wa viungo aliniambia misuli ya nyuma ya mapaja imekaza ndiyo inayovuta kiuno, akanionyesha mazoezi ya kujinyoosha, nikayafanya juma moja nikaacha. Nyumbani kuna watoto, simu na majirani. Nilitaka sehemu ambayo mtu mwingine atapiga kengele na mimi nitii tu.

Na kengele ilipigwa. Saa kumi na mbili kasorobo, kila siku. Saa kumi na mbili na robo mnakaa kutafakari, saa moja yoga hadi saa mbili na nusu, kisha kifungua kinywa. Mchana ni wako. Saa kumi na robo jioni darasa la pili, la polepole zaidi, na usiku baada ya chakula mnalala chali mwalimu akiwaongoza kupumzisha kiungo kimoja baada ya kingine, kitu kinachoitwa yoga nidra. Simu zinakabidhiwa mapokezi na unaipata nusu saa mchana. Nilidhani hapo ndipo nitakaposhindwa. Wapi! Ndani ya siku chache nilikuwa naisahau hata hiyo nusu saa.

Kilichonishinda ni salamu. Kanuni ni kwamba tangu kengele hadi kifungua kinywa hakuna kuzungumza, na ikiwezekana hakuna kutazamana. Wageni wenzangu, karibu wote kutoka Ulaya, hilo halikuwapa shida. Wanapishana na wafanyakazi kimya, basi. Mimi asubuhi ya kwanza natoka chumbani namkuta mzee mlinzi, ndevu nyeupe, anafagia majani kwa fagio la chelewa. Nimpite vipi? Nikaweka mkono kifuani, nikainamisha kichwa. Mzee akasimamisha fagio, akanitazama juu hadi chini. “Aa! Na wewe umo, mwanangu? Mie nikajua angalau wewe una ulimi.”

Siku hiyohiyo nilimfuata mwalimu wa kutafakari, kaka mmoja kutoka Kerala, India, nikamweleza kwamba mtu mzima haachwi bila shikamoo, ukimya au si ukimya. Alicheka, akasema hata kwao mkubwa hapitwi hivyo. Toka hapo nikawa naamkia, napokea marahaba yangu, naendelea na safari. Mwalimu wetu wa yoga, dada wa Kijerumani, sidhani alilipenda sana jambo hilo, lakini hakusema neno.

Najua wengi mnataka kujua habari ya dini. Mimi ni Mwislamu na nilikwenda na wasiwasi huo mfukoni. Yoga imetoka India, na asili yake imefungamana na imani za huko, hilo halifichwi. Pale nilipokuwa, kilichofundishwa ni mwili na pumzi. Mwanzo na mwisho wa darasa wanaimba “Om” mara tatu. Mimi nilinyamaza na hakuna aliyenigeukia. Swala ya alfajiri naiswali chumbani kabla ya kengele, muda unatosha. Tatizo lilikuwa swala ya Magharibi. Darasa la jioni lilikuwa linaishia karibu saa kumi na mbili na robo, mmelala chali mmefumba macho, na adhana inaingia kutoka msikiti wa kijijini. Mwalimu anasema kwa sauti ya chini, acheni kila sauti ije na ipite. Sasa ile mimi siiachi ipite. Nilikuwa nainuka, nakunja mkeka wangu, naondoka. Katikati ya wiki wakalisogeza darasa robo saa nyuma, bila mimi kuomba, na nikagundua kwamba hata vijana wa jikoni walifurahi, maana nao walikuwa wanasubiri tumalize ndipo wapange meza wakaswali. Kwa hili nawapa alama zote.

Mafundisho yenyewe niyagawe. Kutafakari kulikuwa bora kuliko nilivyotarajia. Yule kaka hazungumzi mambo ya nuru na vituo vya nguvu. Anakwambia kaa, sikiliza pumzi inavyogusa ncha ya pua ikiingia na ikitoka, akili ikikimbia irudishe, haina ugomvi. Mwanzoni miguu yangu ilikuwa inakufa ganzi kabla hata sijaanza kuhesabu madeni. Akaja akakunja blanketi mara mbili, akanikalisha kwenye ukingo wake, makalio juu na magoti yakashuka chini ya nyonga. Kitu kidogo kiasi hicho, na mgongo ukasimama wenyewe. Wenye magoti mabovu walikalia viti na hakuna aliyewaona wavivu. Kupumua kwa pua moja moja, unaziba kwa kidole gumba upande huu na kwa kidole cha pete upande ule, ndicho ninachokifanya hadi leo ndani ya daladala, watu wakidhani nina mafua.

Darasa la yoga la asubuhi ndilo lenye dosari. Waliniandikia kwamba kundi halitazidi watu kumi. Tulikuwa zaidi ya hapo kwa mbali, mikeka imebanana, ukinyoosha mkono unamgusa jirani. Mwalimu anaongoza kwa Kiingereza cha haraka, mikao inafuatana mbiombio, na asiyejua jina la mkao anabaki anatazama pembeni kama mtoto anayeibia majibu kwenye mtihani. Isitoshe ana tabia ya kuja nyuma yako akakusukuma kiuno ili uiname zaidi, bila kukuuliza. Nilipomwambia nina mgongo aliacha, tena aliomba radhi kwa moyo, lakini hilo swali lilipaswa kuwa kwenye fomu kabla hatujaanza. Mwenye tatizo la pingili za uti wa mgongo akisukumwa hivyo hali inaweza kuwa mbaya zaidi. Vilevile kuna zoezi la kupumua kwa kusukuma tumbo kwa nguvu na kwa kasi. Wenye shinikizo la damu na wajawazito hawatakiwi kulifanya, na mwalimu aliwatahadharisha tulipokwisha kuanza.

La jioni ni habari nyingine. Mikao michache, kila mmoja unashikiliwa dakika tatu hadi tano, mito chini ya magoti, hakuna haraka. Hicho ndicho mgongo wangu ulichokitaka. Kama wangeniruhusu kulipia jioni tu ningelipia jioni tu.

Asubuhi mbili tatu walijaribu kutupeleka ufukweni. Nilikwenda kipindi cha kusi, ule upepo mkali wa kusini, na kusi upande ule wa mashariki halina mzaha. Ndiyo maana jirani zao Paje wamejaa watu wa kaiti, wale wanaoteleza juu ya maji wakivutwa na tiara kubwa. Mikeka ilikuwa inapeperuka hadi tukaweka jiwe kila pembe, na mchanga ukaingia hadi kwenye meno. Bahari nayo haina ratiba ya kengele, maana kupwa na kujaa husogea karibu saa nzima mbele kila siku. Leo mnafanya mazoezi mawimbi yakiwa miguuni, siku chache baadaye ni bamvua, siku za maji kujaa na kupwa kupita kawaida, na maji yamekwenda zake mbali huko kwenye mwamba, mbele yenu kuna uwanja mtupu na kina mama wa mwani.

Hao kina mama wanafunga mwani kwenye kamba zilizotandazwa baina ya vijiti, wameinama, maji yako kwenye magoti. Kilimo hiki kimeanza kibiashara Unguja mwishoni mwa miaka ya 1980, na sehemu kubwa ya wanaokifanya ni wanawake. Mgeni mmoja alisema kwa furaha kwamba mgongo wao umenyooka vizuri wanapoinama. Nilitembea nikawafikia mchana, nikapiga nao soga. Mmoja akaniuliza tunafanya nini pale juu, chini ya paa la makuti, kila asubuhi. Nikamwambia ni mazoezi ya mgongo, tunainama na kuinuka. “Mnalipwa?” Nikamwambia tunalipa. Akawageukia wenzake, akawaambia kwa sauti: “Sikilizeni nyie! Hawa wanatoa pesa ili wainame.” Walicheka mpaka mmoja akaangusha kamba. Kisha akaniambia wake mgongo unamuuma kila siku ya Mungu, na kwamba siku hizi maji yakiwa moto sana mwani unakufa, inabidi waufuate kwenye kina zaidi. Hiyo sikuipata darasani.

Chakula. Mboga tupu, hakuna nyama, hakuna samaki, hakuna yai, hakuna maziwa. Kwa afya sina neno. Lakini kukaa Jambiani wiki nzima huku harufu ya samaki changu wa kuchoma inatoka kwenye chakula cha wafanyakazi ni mtihani kuliko kukunja miguu. Siku za mwanzo tulilishwa saladi za majani nisiyoyajua na nafaka iliyotoka Amerika Kusini, wakati nyuma ya ukuta kuna muhogo. Nikaingia jikoni kumsalimia bi mkubwa anayepika, nikamuuliza kwa nini hapiki muhogo wa nazi, maana nao hauna nyama wala maziwa. Akasema hajawahi kuambiwa apike. Kesho yake ulikuwa mezani, na mchicha wa nazi, na mkate wa kumimina aliouacha bila yai kwa ajili ya wageni, na vyombo vilirudi jikoni vitupu. Uongozi ukaupanga kwenye orodha. Kwa nini ilihitaji mgeni kutoka Bara kuwaambia kwamba mpishi wao anajua kupika, sielewi.

Vyumba ni safi, ila maji ya bomba yana chumvi, kama ilivyo kwa visima vingi vya pwani ile. Sabuni haitoi povu na nywele zinakuwa ngumu. Chandarua changu kilikuwa na tundu la kuingiza ngumi. Nililisema, wakaleta kingine siku ileile. Kukandwa mwili, ambako kwenye tangazo kumeandikwa pamoja na mambo mengine yote, kumbe hulipiwa kivyake, na bei yake si ya mkazi. Hapo waandike wazi.

Je, imenisaidia? Usingizi, ndiyo, bila shaka yoyote. Sijui ni pumzi, ni kutokuwa na simu, au ni kulala saa tatu na nusu usiku. Mgongo umepungua kuuma, na umebaki umepungua kwa sababu nimeendelea na ile mikao ya jioni sebuleni, nikitumia mito ya kochi. Misuli haikulegea kwa wiki moja, na mwalimu wa Kerala aliniambia hivyo mapema, tofauti na tangazo lao linaloahidi utaondoka ukiwa mtu mpya.

Kwa Mswahili mwenzangu anayefikiria kwenda: ukishaanza kusikia yanayosemwa jikoni na getini, ukimya unakuwa mgumu kwako kuliko kwa wengine. Unajua nani mwanawe anaumwa, nani hajalipwa muda wa ziada, nani kaolewa. Mgeni asiyejua lugha anapata utulivu ambao wewe hutaupata. Mimi nilichagua kusikia, na mchana wangu mwingi uliishia barazani kwa mzee mlinzi na chai ya tangawizi. Kama unataka kujifungia kabisa, chagua mahali pengine mbali na pwani.

Usiende Machi hadi Mei, masika inanyesha na baadhi ya nyumba za wageni hufunga. Ramadhani nayo iepuke, labda kama umepanga kufunga. Kabla ya kulipa waandikie uwaulize haya: bei ya mkazi, idadi ya watu darasani, kama mwalimu anagusa watu, na kama kukandwa kumo au hakumo. Wakijibu la kwanza tu na kuyakalia mengine kimya, rudia kuuliza. Mimi nimeshawaandikia kwa ajili ya mwakani, nikiomba madarasa ya jioni peke yake. Wamesema watafikiria, na kwamba muhogo bado upo.