Filta Nne Juu ya Lenzi Moja: Uzoefu Wangu Ufukweni Bagamoyo

Nilikuwa natafuta picha moja tu. Maji yameanza kujaa, mashua bado zimekalia mchanga hazitikisiki, na bahari inayozizunguka imetulia kama maji ya mtungini. Kupata utulivu huo lazima shata, yaani pazia la kamera linalopitisha mwanga, ibaki wazi kwa sekunde kadhaa, na kwa jua la Bagamoyo hilo haliwezekani bila kuitia lenzi giza. Ndiyo maana nikanunua seti ya filta, yaani vioo vya kufunga mbele ya lenzi kwa kuzungusha, za milimita 67: UV ya kuzuia miali ya urujuanimno, polaraiza ya kupunguza mng'ao, na ND8, kioo cha giza kinachopunguza mwanga. Baadaye nikaongeza ND64, ya giza zaidi. Kipimo hicho cha 67 kinaingia kwenye lenzi zangu zote mbili za Canon, ile ya 18-135 na ile ya pembe pana ya 10-18, kwa hiyo niliona nimefanya hesabu nzuri.

Na hesabu yenyewe ya mwanga inavutia. ND8 inapunguza stopu 3, ND64 inapunguza 6, na kila stopu moja ni kupunguza mwanga kwa nusu. Ukizipandanisha unapata 9, yaani mwanga unagawanywa mara 512. Kama kamera ilikuwa inataka 1/60 ya sekunde kwa tundu la lenzi la f/11, sasa inataka sekunde 8 na nusu. Ukiongeza polaraiza, ambayo nayo inakula stopu moja na nusu hivi, unafika kwenye sekunde 24. Nikazifunga zote nne, UV ikiwa chini kabisa kwa sababu nilizoea kutoivua.

Jambo la kwanza lililoniumiza ni pembe. Kwenye milimita 10 kona zote nne zilikuwa nyeusi tii, kwa sababu zile fremu za filta zilikuwa zimeota mbele ya lenzi kama bomba na lenzi inaziona. Ilibidi nivute mpaka 15 hivi ndipo weusi ukaondoka, na hapo sababu ya kubeba lenzi ya pembe pana imekwisha. Kwenye ile 18-135 hali ilikuwa afadhali.

La pili lilinichukua muda kulielewa. Ufukwe wa Bagamoyo unatazama mashariki, hivyo alfajiri jua linachomoza usoni pako. Kila picha niliyopiga kulielekea ilikuwa na doa la kijani upande wa pili wa fremu, na rangi nyeusi za mashua zimefifia kana kwamba kuna moshi. Kioo kisicho na tabaka la kuzuia mng'ao hurudisha kama asilimia 4 ya mwanga kwa kila uso. Filta nne ni nyuso nane, na mwanga unaorudishwa hauendi mbali: unadundadunda kati ya vioo, lenzi na sensa (kipande kinachopokea picha ndani ya kamera) mpaka uonekane kwenye picha. Nilipoivua UV peke yake, doa likapungua waziwazi. Kwa kamera ya dijitali sioni tena sababu ya kuibakiza pale, kwa kuwa mbele ya sensa tayari kuna kioo kinachochuja miali hiyo. Faida yake ni kinga ya mchanga na manyunyu ya bahari tu, na kinga hiyo naipata kwenye hudi, ile kofia ya mbele ya lenzi.

Polaraiza nayo sikuitendea haki mwanzoni. Ukilielekea jua haifanyi kitu cha maana angani; nguvu yake iko ubavuni, nyuzi 90 kutoka kwenye jua. Asubuhi, nikigeuka kupiga kuelekea kaskazini kando ya ufukwe, inaondoa mng'ao juu ya maji madogo na mchanga wa chini unaonekana. Lakini kwa pembe pana anga linatoka na kiraka cheusi katikati, pembeni jepesi. Siipendi hata kidogo.

Rangi: zile ND mbili kwa pamoja zilinipa wekundu wa kutu. Zilizuia mwanga tunaouona, ila za bei nafuu huachia infraredi, miali isiyoonekana kwa macho, ipite, na sensa inaihisi. Kurekebisha mizani ya rangi kwenye faili ya RAW, yaani picha ghafi ya kamera, kulisaidia nusunusu.

Halafu zikakwama. Chumvi na mchanga viliingia kwenye nyuzi za kufungia filta, ND mbili zikashikana, na mimi nikawa nazibana kwa vidole huku jua linapanda. Mzee mmoja aliyekuwa anaziba mashua yake kwa pamba na mafuta akaniita. “Shikamoo babu.” “Marahaba. Usiibane hivyo mjukuu wangu, unaipinda.” Akakata utepe wa tyubu ya baiskeli, akauzungushia fremu yote, akasokota taratibu. Ikaachia. Tangu siku hiyo utepe ule unakaa kwenye mkoba wangu, na kila nikitoka baharini nafuta nyuzi kwa mswaki mkavu.

Kama unanunua leo, ushauri wangu ni huu: mwisho filta mbili, polaraiza ikae mbele ili uizungushe bila kuigusa ND. Na badala ya kupandanisha ND, nunua moja nzito yenye tabaka nyingi za kuzuia mng'ao. Mimi nilihamia ND1000, stopu 10 kwa kioo kimoja, na picha yangu ya mashua nikaipata nayo: f/11, ISO 100, sekunde 17, kona safi. Napata fokasi kwanza, nahamisha lenzi kwenye fokasi ya mkono, kisha ndipo naifunga ND1000, kwa sababu kamera ikishawekewa giza hilo haioni cha kushika. Na kitundu cha kuchungulia nakifunika kwa kitambaa cheusi, maana kwa sekunde 17 mwanga huingia hata kwa nyuma.